Kutoka "Majini" hadi "Maji": Sarufi ya Mlinganyo wa Kikemia

Mlinganyo wa kikemia ni sentensi. Mshale ndio kitenzi chake, na kama sentensi yoyote, waweza kusema kweli au kupotosha.

Katika miaka ya 1770, Lavoisier wa Ufaransa aliamini kuwa kila asidi ina hewa fulani ndani yake. Akaiita oksijeni, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "kizaa uchachu". Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akabainisha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Nadharia ikaanguka, jina likabaki, nasi tungali tukilitamka.

Mwaka 1884 kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala kuhusu namna myeyusho unavyopitisha umeme. Watahini walimpa alama hafifu. Hata hivyo wazo lilikomaa: asidi iingiapo majini huachana na ioni za haidrojeni, na besi huachana na ioni za haidroksidi.

HCl → H⁺ + Cl⁻
NaOH → Na⁺ + OH⁻

Mwaka 1903 mtu huyo huyo alitunukiwa Nobel ya kemia.

Lakini amonia ilimshinda. NH₃ haina haidroksidi ya kutoa, ilhali myeyusho wake hugeuza litimasi nyekundu kuwa buluu. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmaki na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walitoa jibu: asidi hutoa protoni, besi huipokea.

HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻
NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Hapa Kiswahili chatufaa sana. Kwa Arrhenius tunasema "asidi huachana *majini*": maji ni kielezi cha mahali, ukumbi tu. Kwa Brønsted na Lowry, "asidi *huyapa* maji protoni", na "amonia *huyanyang'anya* maji protoni". Kiambishi -ya- kimeyaingiza maji ndani ya kitenzi; mtazamaji amekuwa mshiriki. Nao mshale wa pili, unaorudi nyuma, hukumbusha kuwa kilichonyang'anywa huweza kurejeshwa.

Basi mwandishi wa kitabu cha kemia aandikapo tu kwamba asidi "huyeyuka majini", sentensi yake imebaki karne ya 19. Kiambishi kimoja kingeisogeza mbele.