Halima wa Ujiji, mpishi aliyesahauliwa chini ya mwembe



Mgeni akija Kigoma hupelekwa Ujiji kuonyeshwa penye mwembe, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tumekua na habari hiyo. Ila sisi tunaoshona magauni ya harusi na kupika vyakula vya shughuli tuna swali letu: siku ile walikula nini, na nani alikuwa jikoni?

Stanley mwenyewe aliandika. Walipokuwa wamekaa barazani, vyakula vikaanza kuletwa kutoka nyumba za jirani. Kwa Sayyid bin Majid zikaja andazi za nyama iliyokatwakatwa, za moto, ambazo sisi leo tungeziita kababu. Muhammad bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Si ndiyo sinia ya harusi yetu hiyo? Mgeni wa jirani yako ni mgeni wako.

Sahani zile zimeandikwa kwa majina ya wenye nyumba. Waliopika hawakutajwa. Na tusifiche: utajiri wa wafanyabiashara wa Ujiji wakati ule ulitokana na pembe za ndovu na watumwa pia.

Mpishi mmoja tu tunamjua kwa jina. Ni Halima, mpishi wa Livingstone. Mzee yule meno yalikuwa yamelegea kwa kutafuna mahindi magumu safarini, na Halima ndiye aliyehangaika kumtengenezea kitu anachoweza kula. Siku ya ugeni alikuwa na wasiwasi kama chakula ndani ya nyumba kitatosha. Nani kati yetu hajui wasiwasi huo?

Halima alikuwa mtumwa, na Livingstone alimpata kwa mfanyabiashara wa pwani. Mwaka 1872, wakiwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara akaondoka. Akarudi mwenyewe, lakini akasimama nje mpaka bwana atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akampa nguo nzito ya baridi. Akaandika kwamba Halima hajawahi kuiba wala hamruhusu mumewe aibe, na kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru wake, na kumnunulia nyumba na bustani.

Ahadi haikutimia. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi inayoitwa Zambia leo. Watu wake waliubeba mwili hadi pwani, na Halima alikuwa miongoni mwao. Aliyechapa shajara za Livingstone alisikitika kwamba utumishi wa miaka yote ule haukupata malipo.

Kwa nini tunawasimulia haya? Kwa sababu chakula chetu kilitengenezwa na kina Halima. Wali na bizari vilipanda na misafara kutoka pwani, vikakutana na mawese, muhogo, dagaa na migebuka ya ziwa letu. Jikoni ndimo vilimochanganywa.

Siku hizi kuna mabibi harusi wanaotuomba tusiweke migebuka ya mawese mezani, eti ni chakula cha nyumbani tu. Mwanangu, hicho cha nyumbani ndicho chenye historia. Kiweke karibu na pilau, mgeni ajue amefika Ujiji.

Na kuna jambo tumelianzisha katika shughuli zetu. Kabla ya dua ya kufunga, mshereheshaji anasoma majina ya wote waliopika, tangu aliyemenya vitunguu. Mara ya kwanza mama mmoja wa makamo alilia. Alisema amepika harusi tangu usichana wake, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia jina lake likitajwa ukumbini.

Ukipanga harusi yako, andika na orodha hiyo.