Winga wa Mtandaoni na Daftari la Mwenye Duka

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mtu anayesimama mlangoni mwa duka lisilo lake, akamwita mteja, akamwonyesha viatu ambavyo hajavinunua na akachukua chake mauzo yakishafanyika, anaitwa winga. Siku hizi mawinga wengi hawasimami tena. Wanapiga picha mzigo dukani, wanaurusha WhatsApp na Instagram, na mteja akikubali bei ndipo wanakwenda kuuchukua. Duka linatoa kiatu kwa shilingi 35,000, winga anauza 45,000, ile elfu kumi ni cha juu chake. Mwenye duka hamjui mnunuzi wala hana haja ya kumjua.

Iko biashara ya mtandaoni ya ukoo huo huo, ambayo wengi tunaitaja kwa Kiingereza kilichopinda kidogo: afilieti. Mtu ana blogu, ana chaneli ya YouTube, ana kundi la Telegram la akina mama wanaojifungua. Anasifia bidhaa ya muuzaji fulani na kuweka kiungo. Msomaji akibofya na kununua, muuzaji anamlipa yule mtu asilimia ya mauzo. Tofauti na cha juu ni kwamba mteja halipi hata senti ya ziada. Kamisheni inatoka mfukoni mwa muuzaji, na kwa sababu hiyo muuzaji ndiye anayehesabu. Winga wa Kariakoo anaishika pesa kwanza kisha analipeleka dukani fungu la duka. Wa mtandaoni anangoja kuambiwa ameuza nini.

Nimeona tafsiri kadhaa za jina hili. "Masoko shirikishi" inasikika kama semina ya wilaya. "Uuzaji wa ushirika" inampeleka msomaji moja kwa moja kwenye vyama vya wakulima wa kahawa. "Ubia" ni neno zuri lakini linaahidi kisichokuwepo, kwa kuwa wabia wanachangia mtaji na kugawana hasara. "Wakala" kwetu ni mwenye kibanda cha M-Pesa, aliyesajiliwa, mwenye floti yake mwenyewe. "Dalali" inakaribia, ila dalali wa nyumba hudai malipo kwa mpangaji, na wa mnada hushika nyundo. Kwa hiyo mtu mwenyewe nitamwita winga wa mtandaoni, na kazi yake uwinga wa mtandaoni. Katika mkataba, ambako lugha ya Kariakoo haitapita kwa mwanasheria, "mshirika wa mauzo" inatosha. "Mshirika" peke yake haitoshi, maana wauzaji hulitumia kama pambo na kusahau kwamba nyuma yake kuna hesabu.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye kiungo. Ukitazama kiungo cha bidhaa ya Amazon kilichowekwa na winga, utaona mwishoni mkia: tag=, kisha jina alilojisajilia, kisha -20 kama ni duka la Marekani. Mkia ule ndio kitambulisho chake. Mteja akibofya, kivinjari chake kinahifadhi kidakuzi, kijifaili kidogo cha kumbukumbu ambacho Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994. Kidakuzi kinakumbuka mteja ameletwa na nani, lakini kwa muda ambao muuzaji ameupanga. Amazon, iliyoanzisha mpango wake wa washirika mwaka 1996, inatoa saa 24. Mteja akiweka bidhaa kikapuni ndani ya saa hizo, winga ana siku 90 za kungoja ainunue. Asipoiweka, akarudi keshokutwa mwenyewe baada ya kushauriana na mumewe, jasho la winga limepotea.

Amazon haikuwa ya kwanza. William Tobin aliuza maua kwa njia hii kwenye mtandao wa Prodigy kuanzia mwaka 1989, kupitia kampuni yake ya PC Flowers & Gifts. Ila Amazon ndiyo iliyofanya mtindo huu ujulikane duniani, na ndiyo iliyoonyesha pia udhaifu wa anayehesabiwa na mwenzake. Katikati ya Aprili 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa sababu ya korona, ilitangaza kupunguza kamisheni: samani kutoka asilimia 8 hadi 3, vyakula kutoka 5 hadi 1. Viwango vipya vilianza tarehe 21, wiki moja baada ya taarifa. Tovuti ambayo mwenyewe alikesha miaka akiandika kuhusu makochi na meza ilipoteza zaidi ya nusu ya pato lake kwa barua pepe moja. Kisheria hakuna aliyevunja mkataba, mkataba uliruhusu. Ndiyo maana nasema msaada wa kwanza ambao muuzaji anaweza kumpa mshirika wake ni kifungu cha notisi. Siku 60 ni haki, kwa kuwa makala na video hazigeuzwi kwa usiku mmoja.

Halafu kuna suala la mbofyo wa mwisho. Karibu sekta nzima humlipa aliyebofyewa mwisho kabla ya malipo, hata kama mwingine ndiye aliyemshawishi mteja kwa saa nzima. Desemba 2024 ilizuka kelele kubwa juu ya Honey, programu ya kutafuta kuponi ambayo PayPal iliinunua mwaka 2020 kwa takriban dola bilioni 4. Ilidaiwa kwamba mteja akiibofya wakati wa kulipa, hata kama haikumpatia kuponi yoyote, kidakuzi cha mtu aliyemleta kilifutwa na cha Honey kikakaa mahali pake. PayPal ilijibu kwamba inafuata taratibu za sekta, ukiwemo mbofyo wa mwisho. Kesi zikafunguliwa. Lakini jibu lile, likiwa kweli au la, lilikuwa la kumtia muuzaji aibu: utaratibu ni wake. Muuzaji anaweza kuamua kwamba programu za kuponi zisipewe kamisheni pale ambapo mteja tayari ameletwa na mtu mwingine, au wagawane.

Si kwamba wauzaji hawana sababu ya kukaza macho. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi 5 mtu aliyekuwa mshirika mkubwa kuliko wote wa eBay, kwa kuvipandikiza vidakuzi vyake kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya chochote. Wizi upo. Tatizo ni pale winga mwaminifu anapoona kwenye ukurasa wake "imekataliwa" bila neno la pili. Je, mteja alirudisha mzigo? Alikataa kulipa alipoletewa? Alikuwa amebofya kwingine? Kila mauzo yaliyokataliwa yaandikiwe sababu yake. Haigharimu kitu, na winga anajifunza ni bidhaa gani hurudishwa sana ili aache kuzisifia.

Huku kwetu kuna jambo ambalo programu nyingi za kigeni hazilijui. Mteja wa Mwanza au Kisumu akiona kiungo, mara nyingi anakiacha pale pale. Anatafuta namba ya duka, anapiga, anauliza kama ipo ya rangi nyeusi, analipa kwa simu au mkononi mzigo ukifika. Kidakuzi hakijui lolote kati ya hayo. Duka linalotaka mawinga wake walipwe linampa kila mmoja msimbo mfupi unaotamkika kwenye simu, kama MAMA10, wenye punguzo dogo la kumfanya mteja akumbuke kuutaja, na anayepokea simu anafundishwa kuuliza: "Umetuona wapi, dada?" Jibu linaandikwa kwenye oda. Bila hivyo, simu ya duka ni mlango wa nyuma wa kumruka winga.

Pia duka limpe winga bei za leo na orodha ya mzigo uliopo leo. Hakuna kinachomvunjia winga heshima kama kusifia blenda, mteja akafika akaambiwa iliisha mwezi uliopita. Na kiwango cha chini cha malipo kiwe cha mahali hapa: anayeuza viatu vya shilingi elfu thelathini kwa asilimia 5 anapata 1,500 kwa jozi, kwa hiyo kumngojesha hadi afikishe dola 100 ni kumkopa bila kumwambia.

Kwa Kenya kuna karatasi moja zaidi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliitaja kazi hii kwa jina ndani ya mapato ya maudhui ya kidijitali, na anayemlipa mkazi anatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Makato hayo ni sehemu ya kodi ya winga mwenyewe, yanayohesabiwa anapowasilisha ritani yake ya mwaka. Muuzaji akikata na asipeleke, au akakosea namba ya PIN, winga atadaiwa kodi ambayo ilishatoka mfukoni mwake.