Masinde Muliro Si Jina la Uwanja Tu

Uliza vijana wa rika langu Masinde Muliro ni nani. Wengi watakuambia ni ule uwanja wa Kanduyi, Bungoma. Wengine watasema ni chuo kikuu cha Kakamega. Wachache wanaojua zaidi watakuambia alifariki ghafla katika uwanja wa ndege wa Nairobi, Agosti 14, 1992, akitoka London. Hapo stori inageuka minong'ono, basi. Mtu ameishi miaka 70, sisi tunamkumbuka kwa dakika zake za mwisho.

Mimi nataka tuongee kuhusu neno moja alilotuachia. Majimbo.

Muliro alizaliwa 1922 upande wa Kimilili, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka wa 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, alimwangusha W.W.W. Awori na kuwa mmoja wa wale wanane. Mwaka wa 1960 ikaundwa KADU. Ronald Ngala akawa kiongozi, Muliro naibu wake, na Daniel arap Moi alikuwa humo humo. Hofu yao ilikuwa rahisi kuelewa: mzungu akiondoka, shamba lake litagawanywa na nani? Jamii ndogo hazikutaka jibu litoke Nairobi. Kwa hivyo wakadai majimbo, na katiba ya 1963 ikaleta majimbo 7, Nairobi ikiwa kando.

Lakini ukigawa nchi lazima uchore mpaka, na hapo ndipo Kitale inaingia.

Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya wazungu, na Wabukusu wengi walikuwa wakifanya kazi huko. Muliro alitaka Kitale iwe jimbo moja na Bungoma, yaani Magharibi. Wenzake Wakalenjin, ndani ya KADU hiyo hiyo, wakaitaka iwe Bonde la Ufa. Na tuwe wakweli, hawakuwa wanabahatisha: Wasabaot na Wapokot walisukumwa kutoka ardhi hiyo wazungu walipoingia. Muliro akashindwa. Ndiyo maana mpaka leo ukitoka Kitale, ukapita Kiminini ukashuka hadi Kamukuywa, umevuka kutoka lililokuwa Bonde la Ufa ukaingia lililokuwa Magharibi, na watu pande zote mbili wanasalimiana kwa lugha ile ile.

KADU ilivunjwa Novemba 1964, majimbo yakazikwa. Mpaka haukuzikwa.

Msidhani namshambulia mzee. Huyu ni waziri ambaye Juni 1975, bunge lilipojadili ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki, alipiga kura kinyume na serikali yake mwenyewe, akafutwa kazi. (Kamati iliyoandika ripoti hiyo iliongozwa na Elijah Mwangale, mtu wa Bungoma pia.) Hebu niambie ni mawaziri wangapi wa leo wangethubutu.

Ila angalia kilichofanyika 1991. Agosti, Muliro, Jaramogi, Shikuku na wenzao wanaanzisha FORD kudai vyama vingi. Septemba, wanasiasa wa KANU wanasimama Kapsabet na kulifufua neno majimbo, lakini sasa linamaanisha kila mtu arudi kwao. Haikupita muda, nyumba zikaanza kuchomwa, moto ukafika Trans Nzoia na Mlima Elgon. Familia zikakimbilia mjini Kitale, nyingine Bungoma. Neno ambalo Muliro alilibeba kulinda wanyonge, sasa lilikuwa likifukuza hata watu waliompigia kura, na rais alikuwa mwenzake wa KADU! Manze, hiyo inaniuma kuliko stori yoyote ya uwanja wa ndege.

Leo tuna kaunti 47. Ukiniuliza, hilo ni wazo la KADU limebadilishwa nguo, na mimi nalipenda. Lakini nilipoenda kushughulikia karatasi zangu katika ofisi fulani, karani aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kitale. Akasema, "Hapana, kwenu kwenyewe." Nimezaliwa Kitale, bana.

Wamarekani wana James Madison, rais wao wa 4, wanayemwita baba wa katiba. Alitetea uhuru kwa kalamu, na nyumbani alimiliki watumwa zaidi ya 100. Siku hizi ukitembelea nyumba yake ya Montpelier, utasimuliwa yote mawili. Sisi tukimtaja Muliro tunataja uwanja na kifo, ile ramani tunairuka.

Kama nyumbani kuna mzee aliyekuwa mtu mzima 1963, awe Mbukusu, Msabaot au Mpokot, muulize siku Kitale ilipopelekwa Bonde la Ufa walisema nini kwao. Kisha uniambie, hata kama jibu lake halitanifurahisha.