Mfahamu Prof. Ruth Meena: Viti maalum, kura na akina mama wa ukanda wa dhahabu

Leo nina somo. Kama muda wako kwenye mashine unaisha, soma haraka, mengine utayamalizia kesho.

Nianze na ya nyumbani. Mwaka 2010 mama yangu mdogo alichukua fomu ya udiwani kwenye kata moja huku kwetu, upande wa Geita. Redio moja ikamuita kwenye kipindi. Swali la kwanza: "Mumeo amekuruhusu?" Mwanaume aliyekuwa anashindana naye aliulizwa habari za maji na barabara! Kwenye kura za maoni akaanguka. Wazee wa chama wakamfariji: "Mwanetu, wewe subiri viti maalum." Sikuelewa kilichomuumiza mpaka nilipoanza kusoma kazi za mama mmoja msomi.

MAMA HUYU NI NANI?
Ni Profesa Ruth Meena, aliyefundisha sayansi ya siasa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1992 alihariri kitabu cha masuala ya jinsia kusini mwa Afrika, kilichotolewa Harare. Mwaka 2003 aliwasilisha mada Pretoria, Afrika Kusini, kuhusu siasa za viti maalum Tanzania. Baadaye, wakati wa mchakato wa Katiba mpya, alikuwa mmoja wa viongozi wa Mtandao wa Wanawake na Katiba.

VITI MAALUM VINAFANYAJE KAZI?
Wengi tunavisema tu bila kuvijua. Mwaka 1985 wanawake walitengewa viti 15 bungeni. Baada ya vyama vingi ikawa asilimia 15, mwaka 2000 ikapanda mpaka 20, na mwaka 2005 ikafika 30. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge, kinagawiwa viti kulingana na kura zake. Majina yanatoka kwenye orodha ya chama. Wewe mpiga kura huyaoni kwenye karatasi.

Hapo ndipo swali linapozaliwa: mbunge huyo anawajibika kwa nani? Kwa akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu Nyarugusu, au kwa wakubwa wa chama waliopanga orodha? Na kuna jingine. Katiba inataka Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo. Kwa hiyo wa viti maalum anaitwa mheshimiwa, lakini mlango huo kwake umefungwa.

Angalia hesabu ya 2005: viti maalum vilikuwa 75, ila wanawake walioshinda majimboni walikuwa 17 tu kati ya majimbo 232. Hata mmoja kati ya kumi hawafiki!

Ila tusivibeze jamani. Mama Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, mwaka 2010 akashinda jimbo la Makunduchi, na Machi 2021 akawa Rais. Ngazi ni nzuri, ubaya ni ngazi kugeuzwa kiti cha kukalia.

KWA NINI JIMBONI NI KUGUMU?
Kwanza, pesa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006 kwa kuwa inakwenda kinyume na Katiba. Mwanamke asiye na ng'ombe wala duara angeshindana vipi na tajiri wa machimbo?

Pili, ulimi wa watu. Mwanaume akipita usiku kwenye kambi za wachimbaji kuomba kura, anaitwa mpiganaji. Mwanamke akipita hapo hapo, jina analopewa siliandiki hapa.

Tatu, vyombo vya habari. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kipo tangu 1987, na TGNP tangu 1993, na vyote vimepigia kelele jambo hili. Mwanamke wa Shinyanga utamsikia sana kwenye habari pale bibi kizee anapouawa kwa kusingiziwa uchawi, eti kisa macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni. Habari hiyo lazima iandikwe. Ila kama ni hiyo tu, nani atamzoea kama kiongozi?

Hata hivyo, inawezekana. Mei 2009, Busanda ilifanya uchaguzi mdogo baada ya mbunge wake kufariki. Lolesia Bukwimba wa CCM akashinda, tena jimbo lenyewe, si la kupewa! Akarudi 2010 na 2015. Hao hao wachimbaji tunaoambiwa hawawezi kumchagua mwanamke ndio waliompigia kura.

Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 iliweka nusu kwa nusu bungeni. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na haikufanyika.

Mama mdogo hakuchukua fomu tena. Anauza dagaa sokoni, na bado watu wanamletea kesi zao za mipaka ya viwanja. Udiwani anaufanya, posho hana.

Sasa wadau, viti maalum vibaki, viwekewe kikomo, au vifutwe? Ukijibu usimtukane mama wa mtu.

Naomba kuwasilisha.