Mkasi na Nafsi ya Kwanza: Vitabu vya Watoto vya Père Castor

Wachunguzi wa fasihi ya watoto wamezoea kuanza na hadithi: nani aliisimulia, na kwa mafunzo gani. Vitabu vinavyomwalika mtoto aunde kitu kwa mikono yake hutajwa juu juu, kana kwamba ni vya kuchezea tu. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano mmoja wa Ufaransa, kwamba vitabu hivyo navyo vina historia, na kwamba sehemu ya historia hiyo imo katika sarufi.

Mwaka wa 1931, Paul Faucher alianzisha mfululizo wa Albums du Père Castor chini ya shirika la uchapishaji la Flammarion, mjini Paris. Vitabu viwili vya kwanza vilikuwa kazi ya Nathalie Parain, mchoraji mzaliwa wa Kiev aliyesomea sanaa Moscow: Je fais mes masques, yaani "Ninatengeneza barakoa zangu", na Je découpe, yaani "Ninakata". Vilikusudiwa vikatwe. Faucher alikuwa amevutiwa na František Bakule, mwalimu wa Prague aliyewalea watoto wenye ulemavu kwa kazi za mikono na kwa muziki.

Na tuyatazame majina hayo mawili. Vitabu vya mazoezi, vya kwetu na vya wenzetu, aghalabu husema kwa kuamuru: kata, chora, paka rangi. Msemaji ni mwalimu, mtoto hutii. Vitabu vya 1931 vilimbadilishia mtoto nafsi. Asemaye "ninakata" ndiye aliyeshika mkasi. Kitenzi ni chake, na kazi itakayotokea ni yake pia.

Hapa ndipo mwanahistoria anapokwama. Kitabu cha hadithi kikisomwa mara nyingi, huenda kikabaki rafuni. Hiki kikitumiwa kama kilivyokusudiwa, hakibaki. Nakala iliyo nzima hadi leo ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeikata. Kwa hiyo tukivipima vitabu hivi kwa nakala zilizosalia, tutavihesabu vilivyoshindwa na kuviacha vilivyofaulu. Kumbukumbu za Père Castor ziliingizwa mwaka wa 2017 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia, na zilistahili. Lakini hifadhi hutunza kazi ya waliotunga. Barakoa aliyoivaa mtoto alasiri moja, ikachanika, haina rafu.

Basi atakayeiandika historia ya vitabu vya watoto vya Kiswahili asiishie maktabani. Awaulize walimu na wazazi ni vitabu gani vilivyokwisha kwa kutumiwa. Naye mwandishi anayetunga kitabu cha kuchora au cha kutengeneza filamu, kabla ya kuchagua rangi, na ajiulize: katika kitenzi changu, ni nani anayesema?