Mahaba na Maajabu Kwenye Mto Tana: Allan Quatermain na Kisa cha Fumo Liongo

Utangulizi

Masimulizi yanayochanganya mapenzi na mambo ya ajabu yana wasomaji wengi na wahakiki wachache. Katika idara za fasihi za Afrika Mashariki, hadithi ya aina hiyo ikiwa ni ya siku hizi huingizwa katika kapu la riwaya pendwa, na wanafunzi huachiwa waisome wakati wa likizo. Ikiwa ni ya kale, huitwa kisakale au utendi, na hapo mapenzi yaliyomo husukumwa kando ili ushujaa upate nafasi. Hukumu hizi mbili zinatofautiana kwa heshima, lakini chimbuko lao ni moja: dhana kwamba mahaba ni pambo la hadithi na wala si mhimili wake.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kusoma sambamba masimulizi mawili ambayo yanahusiana na bonde la chini la Mto Tana, yaani nchi inayoanzia pande za Garsen hadi mto unapoingia baharini Kipini. La kwanza ni riwaya ya H. Rider Haggard, Allan Quatermain, iliyochapishwa mwaka 1887. La pili ni kisa cha Fumo Liongo, ambaye mapokeo yanamhusisha na Shaka na Ozi, na ambaye kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini. Hoja inayojengwa ni kwamba katika masimulizi yote mawili maajabu hayawezi kusimama bila mapenzi. Hata hivyo, wasomaji wengi wa Liongo wamemsoma kana kwamba ni mmoja wa mashujaa wa Haggard, na kwa kufanya hivyo wamempoteza mhusika ambaye kisa kinamtegemea, yaani mke wake wa Kigala.

Mto Kama Njia: Riwaya ya Haggard

Haggard alikuwa amefanya kazi ya utawala Afrika Kusini katika miaka ya 1870, na Tana aliijua kwa kuambiwa na kwa kusoma. Ndugu yake, Jack Haggard, alikuwa makamu wa konseli wa Uingereza huko Lamu katika miaka ya 1880, na Haggard mwenyewe alikiri deni lake kwa kitabu cha Joseph Thomson juu ya nchi ya Wamaasai, kilichotoka mwaka 1885. Kwa malighafi hiyo aliunda safari inayoanzia Lamu, ikapanda Mto Tana kwa mitumbwi, ikapita katika kituo cha misheni kilichotishiwa na Wamaasai, kisha ikaingia katika mto wa chini ya ardhi na kutokea Zu-Vendis, nchi ya kubuni yenye watu weupe na mji wa marumaru. Huko wapo malkia wawili pacha, Nyleptha na Sorais, wanaompenda mwanamume mmoja, Sir Henry Curtis. Wivu wa Sorais unazaa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa upande wa fani, riwaya hii ina sifa ambazo mhakiki mwadilifu hawezi kuzikana. Taharuki imepangwa kwa ustadi, na msimulizi mzee anayeomboleza mwanawe aliyefariki anaipa safari nzima kivuli cha huzuni. Zaidi ya hayo, mapenzi ndiyo yanayoleta vita, na vita ndivyo vinavyoleta mwisho. Ukiyaondoa mahaba, Zu-Vendis inabaki kuwa orodha ya majengo.

Udhaifu wake unaonekana katika matumizi ya mto. Katika sura za mwanzo Tana ni njia tu. Watu wa kingo zake, Wapokomo wakulima na Wagala wafugaji, hawapewi kisa chao wenyewe wala hawapendani na mtu yeyote. Maajabu yanaanza pale tu mto halisi unapoachwa nyuma, na anayestahili kupendwa kwa mapenzi makubwa ni malkia mweupe aliyebuniwa. Mwishoni Curtis, akiwa sasa mume wa Nyleptha, anaazimia kuifunga nchi yake mpya isiingiliwe na wageni. Mwandishi hakuona, au hakutaka kuona, kwamba uamuzi huo ndio ambao watu wa Tana halisi walikuwa wananyimwa katika miaka ile ile: Ujerumani ilitangaza himaya yake juu ya Witu mwaka 1885, na kwa mkataba wa mwaka 1890 ikaikabidhi kwa Uingereza.

Hata hivyo historia iliifuata riwaya kwa karibu kuliko mwandishi alivyotazamia. Wamethodisti walikuwa wamejenga kituo huko Golbanti, si mbali na Garsen ya leo, kwa nia ya kuwafikia Wagala. Mwaka 1886, wakati Haggard alikuwa ameshaandika sura za tishio la Wamaasai dhidi ya misheni, mmisionari wa Golbanti, John Houghton, pamoja na mkewe, waliuawa na Wamaasai. Haggard aliongeza tanbihi kuhusu tukio hilo katika kitabu chake. Tanbihi hiyo ni mahali pa pekee katika riwaya ambapo Tana ya watu wenye makaburi inapenya ndani ya Tana ya fantasia. Inazungumza juu ya wamisionari wawili. Wenyeji waliokuwapo siku ile haiwataji.

Maajabu ya Nyumbani: Liongo

Kisa cha Liongo kinaelekea upande mwingine. Kwa muhtasari, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Wagala wanakuja Pate kufanya biashara na kusikia sifa za Liongo. Anaitwa kutoka Shaka, na safari ya siku nne anaimaliza kwa siku moja. Anapuliza pembe hadi zinapasuka. Kisha anaufungua mkoba wake na kutoa kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, na mafiga. Wagala wanastaajabu na kutamani mbegu yake, hivyo anaozwa mwanamke wa kwao, na mtoto wa kiume anazaliwa. Baadaye mfalme anaingiwa na hofu. Liongo anafungwa, mama yake anamletea mkate wa wishwa uliofichwa tupa, kwa ujumbe uliopelekwa na kijakazi Saada, anakata pingu na kutoroka. Hatimaye mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, anamdadisi baba yake mpaka anaipata siri: hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Anamchoma akiwa amelala. Liongo anafia karibu na kisima, amepiga goti na upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni aina ya vitu vinavyobeba maajabu haya. Vyote ni vya nyumbani. Mkoba wa jitu huyu haukutoa panga wala dhahabu. Ulitoa jiko zima. Kilichomfungua gerezani ni mkate, tena wa wishwa, kwa sababu walinzi walikuwa na desturi ya kula chakula kizuri alicholetewa. Kilichomwua ni sindano, chombo cha kushonea. Hata maiti yake inafunga njia ya kisimani, mahali ambapo wanawake huenda kila siku. Haggard aliyatafuta maajabu ng'ambo ya mlima na chini ya ardhi. Kisa cha Liongo kinayakuta kati ya mafiga matatu.

Jambo la pili linatokana na la kwanza. Mwili usioingiwa na mkuki wala mshale hauwezi kufikiwa kwa nguvu. Unaweza kufikiwa na yule tu aliye karibu kiasi cha kuuliza, na kiasi cha kuaminiwa ajibiwe. Kwa hiyo kinga ya Liongo ni ya kimaajabu, lakini ufunguo wake ni mapenzi: ya mama anayemwokoa, na ya mwana anayemwua. Mapokeo mengine yanasema muuaji alikuwa mpwa wake, lakini hata hapo hoja haibadiliki, kwani ni damu yake. Mahaba hapa ndiyo kanuni inayoendesha maajabu, na msomaji anayeyaruka hawezi kueleza kwa nini Liongo anakufa.

Wasomaji wa Liongo

Historia ya mapokezi ya kisa hiki inaonyesha jinsi mhimili huo ulivyoachwa kidogo kidogo. Edward Steere alikichapa kwa nathari mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Masimulizi yake yanaanzia Shanga, na Liongo wake ni mtu mwenye nguvu aliyewaudhi watu wa mji. Ni Liongo aliyetazamwa kutoka barazani kwa wenye mji, na ndoa haikupewa uzito. Alice Werner, aliyesafiri pwani na bondeni mwa Tana kati ya miaka 1911 na 1913, alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Aliandika juu ya ngano za Wapokomo mwaka 1913 na juu ya Wagala mwaka 1914, kisha akachapisha uchunguzi wake kuhusu Liongo mwaka 1926 na kumrudia katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu. Hata hivyo, kitabuni humo alimweka katika safu ya mashujaa, na sindano ya shaba ikampeleka kwenye ulinganisho na mashujaa wa Ulaya wenye sehemu moja tu ya kudhurika.

Wataalamu wa baada ya uhuru waliyaendeleza maswali hayo. Je, Liongo aliishi kweli? Aliishi lini? Ni wa Shaka, wa Ozi, au wa Pate? Ibrahim Noor Shariff alionyesha mwaka 1991 jinsi fumbo hilo lilivyo gumu. M. M. Mulokozi aliurejesha utenzi kwa wanafunzi katika Tenzi Tatu za Kale, mwaka 1999, na mwaka 2004 kundi la watafiti lilikusanya na kuhariri tungo zinazohusishwa na Liongo, zikiwamo za ngoma ya gungu na zile zinazosifu uzuri wa mwanamke. Kazi hizi ni za thamani kubwa. Lakini swali la tarehe na la asili limetawala kiasi kwamba tungo za mapenzi husomwa kama ushahidi wa ukale wa lugha, na mara chache kama sehemu ya kisa kimoja na mauaji. Joseph Mbele, katika makala yake ya mwaka 2006 juu ya wanawake katika tendi za Afrika, ni miongoni mwa wachache waliokataa mgawanyo huo.

Mke Asiye na Jina

Katika utenzi wa Kijumwa kijakazi ana jina. Mke wa Liongo hana. Analetwa kwa sababu ya mbegu, anazaa, kisha masimulizi yanamwacha. Hata hivyo yeye ndiye kiungo cha kila kitu: bila yeye hakuna mwana, bila mwana hakuna swali, bila swali hakuna sindano. Mhakiki anaweza kusema kwamba ukimya huo ni kawaida ya tendi. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ukimya huu unaangukia mahali maalumu. Mwanamke huyu ndiye ndoa kati ya watu wa mijini na wafugaji wa bara, na kisa kinasema waziwazi kwamba ndoa hiyo ilikuwa ya kujipatia nguvu za mwingine. Hakuna aliyemwuliza bibi harusi. Mtoto wa ndoa ya namna hiyo anakua bila kujua ni wa nani, na ndiyo maana ahadi ya kuozwa binti wa mfalme inamnunua kwa urahisi. Utenzi unarudia kosa lile lile: ndoa ya pili nayo ni ya biashara, na safari hii bei yake ni uhai wa baba.

Usomaji huu una uzito wa pekee katika Delta ya Tana. Jina Wagala limeachwa kwa kuwa lina dharau. Walioitwa hivyo zamani katika bonde hilo ni Waorma, tawi la Waoromo. Wapokomo hulima kingoni, Waorma huhitaji njia za kuwafikisha ng'ombe mtoni, na jamii hizo zimeishi kwa vizazi kwa mapatano na kwa magomvi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapatano yalivunjika, na zaidi ya watu 100 waliuawa katika vijiji vya delta, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Chanzo kilikuwa ardhi, maji, malisho na siasa. Hakuna utenzi unaoweza kulaumiwa kwa hayo wala kuyaponya. Lakini fasihi inayofundishwa huacha mazoea ya kusoma. Msomaji aliyefunzwa kumwona mwanamke wa Kigala kama chombo cha kupitishia mbegu ya shujaa amefunzwa pia kutouliza jina la jirani yake.

Hitimisho

Riwaya za Kiswahili za miongo ya karibuni zimekwisha kuondoa aibu ya maajabu. Nagona ya Kezilahabi, mwaka 1990, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mwaka 2001, na Bina-Adamu! ya Wamitila, mwaka 2002, zilipokewa vyuoni bila kuombewa radhi. Mahaba bado yanasubiri mlangoni. Ulinganisho uliofanywa hapa unaonyesha gharama ya kuyaacha huko. Haggard aliyathamini mapenzi na maajabu, lakini aliyahamishia Zu-Vendis, na watu wa mto wakabaki kuwa mandhari. Wahakiki wa Liongo waliyabakiza maajabu mahali pake, kati ya Shaka, Ozi na Kipini, lakini wakayatenga na mapenzi, na mke akabaki bila jina. Kazi iliyobaki ni kurudi kwenye masimulizi ya kingo zote mbili za Tana, ya Wapokomo na ya Waorma, na kuuliza alikuwa nani mwanamke yule, na aliambiwa nini siku mwanawe alipoondoka na sindano.