Maji ya Tauni, Shamba la Magokoro

Wasee, kabla mseme watu wa Bonyunyu wanapinga maendeleo, ngojeni kidogo. Hii stori ina historia ndefu.

Mimi naishi Kisii mjini. Mfereji wa ploti yetu ukikauka, tunanunua maji ya mitungi kwa mkokoteni, na jua likizidi, bei nayo inapanda. Kwa hivyo niliposikia kuna mpango wa kujenga bwawa kwenye mto Gucha pale Bonyunyu, mpakani mwa Kisii na Nyamira, maji yafike Kisii, Keroka na Nyamira, nilifurahi. Kwani nani hataki maji?

Halafu nikaenda ushago. Magokoro, yaani nyanya yangu, ana shamba linaloshuka hadi mtoni: majani chai juu, migomba katikati, nepia huko chini. Kaburi la babu liko kando ya nyumba. Nikamwambia, "Lakini Magokoro, si watakulipa?" Akaniangalia tu. "Watamlipa nani? Hati iko kwa jina la babu yako. Na yeye mwenyewe, watamhamishia wapi?"

Nikakosa jibu. Ndio nikaanza kusoma venye mito yetu imewahi kufungwa.

Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru kule Nyamira, unapita Kisii, ukifika Migori unaitwa Kuja, kisha unaingia Ziwa Victoria. Miaka ya 1950, wakati wa mkoloni, ulizibwa pale Gogo. Umeme ulikuwa wa nani? Wa mgodi wa Macalder, uliokuwa ukichimba shaba na dhahabu. Taa ya mwanakijiji haikuwa kwenye hesabu. Mgodi ulikuja kufungwa, bwawa likabaki.

Stori ya pili ni ya mto Sondu, ule unaopita kati ya Nyamira na Kericho ukielekea Nyakach. Mwaka wa 1999 KenGen ilianza kujenga mradi wa Sondu Miriu kwa mkopo wa Japani. Maji yangechepushwa, yapite kwenye handaki la kilomita 6 na kidogo, yazungushe mitambo ya megawati 60. Wakazi wakaanza kuuliza: Maporomoko ya Odino yatabaki na maji? Samaki je? Vumbi, fidia, kazi za vijana? Na mbona nyaya za umeme zitapita juu ya nyumba zetu bila kuingia ndani?

Kuuliza kulikuwa na gharama. Desemba 2000 mwanaharakati Argwings Odera alijeruhiwa kwa risasi katika purukushani na polisi, kisha akashtakiwa. Lakini kelele zilifika hadi bunge la Japani. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ambamo wakazi, mashirika na KenGen walikaa meza moja. Mkopo wa awamu ya pili ukasubiri hadi 2004. Mitambo ikaanza kazi 2007 na 2008.

Sasa oneni kitu hapo. Mradi haukufa, ulijengwa. Ila wenye mto walipata kiti mezani kwa sababu walikataa kunyamaza. Hao ndio tunawaita maadui wa maendeleo?

Na juu zaidi kwenye mto huohuo kuna Magwagwa, upande wa Nyamira. Bwawa la huko limekuwa kwenye mipango tangu miaka ya 80. Hebu jiweke hapo: unajenga nyumba ya mawe ama unangoja? Unapanda chai itakayokulisha miaka 40, ama unapanda mahindi tu kwa sababu hujui kesho? Bwawa linaweza kukuumiza hata kabla tofali moja kuwekwa.

Siko hapa kusema kila bwawa ni baya. Pia hatuwezi kujifanya malaika: ni sisi wenyewe tumepanda mikaratusi hadi ukingoni mwa mito, tukafyatua matofali kwenye majaruba. Kulinda mto kunaanzia hapo. Lakini leo tuko na kitu ambacho watu wa Gogo hawakuwa nacho. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, mwenyewe alipwe fidia ya haki na ya haraka. Na inaruhusu hata anayeishi hapo kwa nia njema bila hati afikiriwe. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika mambo ya mazingira. Kushiriki si kuitwa kwa uwanja, kupewa soda na kupigwa picha.

Sisi wa tauni ndio tunafaa kuuliza zaidi, kwa sababu bwawa linajengwa kwa jina letu. Ukifungua mfereji, ni haki kujua nani alihama ili unawe uso. Alilipwa? Alipata shamba lingine? Mabomba yanayovuja mjini yalirekebishwa kwanza?

Mwezi uliopita nilimpeleka Magokoro kwa chifu kuchukua barua ya kuanzisha kesi ya urithi, ndio hati itoke kwa jina la babu. Foleni ilikuwa ndefu, karibu wote akina mama wa umri wake. Kama kwenu hati bado ni ya marehemu, anzeni sasa. Msingoje tingatinga lifike.